Kucheza ukiwa joka: namna ya kuchagua gemu, kupanga vitufe na kuruka bila kuanguka

Gemu zenye joka kwenye jalada ni nyingi. Zinazokukabidhi mabawa ni chache. Kabla ya kulipia chochote, jua unanunua ipi kati ya aina tatu. Katika aina ya kwanza wewe ndiye joka tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ya pili wewe ni mtu anayegeuka joka kwa muda, kwa masharti. Katika ya tatu wewe ni mpandaji: Panzer Dragoon ya 1995, Drakan: Order of the Flame ya 1999 na Lair ya 2007 zote ni za kundi hili. Ni gemu zenye raha yake, ila anayetaka kuwa joka mwenyewe atabaki na kiu. Hata Skyrim, ukiwa na nyongeza ya Dragonborn, hukuruhusu kupanda joka kwa ukelele wa Bend Will, lakini hulielekezi utakako. Unachagua shabaha, nalo linaruka kwa hesabu yake.

Kipimo kizuri ni orodha ya vitufe. Itazame kwenye video ya mtu anayecheza, usiitegemee video ya matangazo. Kama kitufe cha kutema moto kinafanya kazi tangu dakika za kwanza, wewe ni joka. Kama moto umeorodheshwa pamoja na uwezo maalumu wenye gharama, hiyo ni gemu ya kugeuka. Ukiona kitufe cha kupanda na kushuka mgongoni, ni ya mpandaji.

Mipangilio kabla ya kuruka

Tumia padi, yaani kidhibiti cha mkononi chenye vijiti, ikiwezekana. Kitufe cha kibodi kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, ilhali kijiti cha padi hupokea msukumo mdogo na mkubwa. Kuruka ni kazi ya marekebisho madogo. Mchezaji wa kibodi huishia kuchora zigizaga angani, na kila kona anayopinda kupita kiasi inamgharimu kimo.

Amua mapema mhimili wa wima utakuwaje. Wengine wanataka kusukuma kijiti mbele kushushe pua ya joka, kama rubani. Wengine wanataka mbele iwe juu. Hakuna iliyo bora, ila kubadilisha katikati ya gemu kunaharibu mazoea yote ya vidole. Jaribu zote mbili kwenye eneo lisilo na maadui, chagua moja, usiiguse tena. Angalia pia kama gemu inatenganisha mhimili wa kamera na mhimili wa kuruka, maana baadhi huipanga kila mmoja peke yake, na ukibadilisha mmoja tu utachanganyikiwa kila unapotoka ardhini kwenda hewani.

Joka likipinda upande mmoja lenyewe, kosa mara nyingi ni kijiti kilichochakaa, kinachotuma msukumo hata kikiwa kimeachwa. Ongeza kidogo kidogo eneo tulivu la kijiti (dead zone, sehemu ya katikati ambamo msukumo haupokelewi) kwenye mipangilio mpaka joka linyooke, kisha simama hapo. Ukilizidisha utapoteza yale marekebisho madogo unayoyahitaji.

Kichefuchefu nacho ni kero halisi katika gemu za kuruka. Zima ukungu wa mwendo, zima mtikisiko wa kamera, panua uwanja wa kuona kama gemu inaruhusu, na kaa mbali kidogo na skrini. Kwenye kompyuta, heri upunguze ubora wa vivuli upate fremu 60 kwa sekunde zisizoyumba kuliko picha nzuri inayokwamakwama. Kukwama huko ndiko kunakochosha macho.

Anzia kwa Spyro

Kwa anayeanza, pendekezo letu ni Spyro Reignited Trilogy, mkusanyiko wa gemu za joka dogo Spyro. Ilitoka Novemba 2018 kwa PlayStation 4 na Xbox One, kisha Septemba 2019 kwa Switch na kompyuta. Ndani yake zimo gemu tatu za kwanza za Spyro, za 1998, 1999 na 2000, zilizojengwa upya na Toys for Bob. Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba joka hili haliruki bure. Katika hatua za kawaida Spyro huelea tu, na kuelea kunakulazimisha kupima kimo na umbali kwa macho. Ukijua hilo, gemu nyingine za mabawa hazikusumbui sana.

Vitufe kwenye PlayStation ni hivi: X ni kuruka, duara ni moto, mraba ni kukimbia kwa pembe. Kwenye Xbox ni A, B na X. Kwenye Switch ni B, A na Y. Vidole vinakaa mahali palepale kwenye padi zote, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kuelea hufanywa hivi. Bonyeza kuruka, subiri Spyro afike kileleni, kisha bonyeza tena. Kosa la kila anayeanza ni kubonyeza mara ya pili haraka. Ukifanya hivyo mabawa yanafunguka kabla ya kilele, kupanda kunakatika hapo hapo, nawe unaanza kushuka kutoka chini ya pale ambapo ungefika. Kwenye pengo pana, kipande hicho kidogo cha kimo ndicho kinachokutupa shimoni mbele ya ukingo.

Baada ya mabawa kufunguka, Spyro hushuka kwa mwendo ulio sawa. Kwa hiyo umbali utakaofika unategemea tofauti ya kimo kati ya unakotoka na unakotua, basi. Kama kisiwa cha mbali kiko juu kidogo kuliko ulipo, usikijaribu; tafuta kilima, ngazi au nguzo, panda, ndipo uruke. Anza kuelea ukiwa umeelekea unakokwenda, maana kila kona ya hewani inakula umbali. Katika gemu ya kwanza kitufe cha pembetatu (PlayStation) hufunga mabawa ukaanguka wima, na hiyo inafaa unapopita juu ya jukwaa dogo. Katika ya pili na ya tatu kitufe hicho hicho kina kazi nyingine: ukikibonyeza mwishoni mwa kuelea, Spyro hujinyanyua kidogo na kudaka ukingo. Kumbuka tofauti hiyo unapohama gemu, kwa sababu mkono uliozoea kujinyanyua ukirudi kwenye gemu ya kwanza utajiangusha mwenyewe.

Kuhusu mapigano, kanuni ni mbili. Adui aliyevaa chuma haunguzwi na moto, mpige kwa pembe. Adui mkubwa kuliko wewe hapigiki kwa pembe, mchome. Mkubwa mwenye chuma anahitaji msaada: busu la kichimbakazi, ambalo huupa moto wako nguvu ya kupenya chuma kwa muda, au mbio kali tutakazozieleza hapa chini.

Afya yako ni Sparx, yule kereng'ende anayekufuata. Akiwa wa manjano yu mzima. Ukipigwa anakuwa wa bluu, kisha kijani, kisha anatoweka. Pigo linalofuata baada ya hapo linakuua. Choma kondoo na wanyama wadogo wengine, watoe kipepeo, Sparx amle na kupanda rangi moja. Usiwamalize wanyama wote unapoingia eneo jipya huku Sparx akiwa bado wa manjano. Waache, utawahitaji ukirudi umejeruhiwa. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba Sparx ndiye anayekuokotea vito, na kadiri rangi yake inavyoshuka ndivyo mkono wake unavyofupika. Ukiona unapita karibu na vito na havichukuliwi, tazama rangi yake kwanza.

Vito vina thamani kwa rangi: chekundu ni 1, kijani 2, halafu kuna vya 5, vya 10 na vya 25. Gemu ya kwanza ina jumla ya 14,000, pamoja na majoka 80 ya kuachilia kutoka kwenye mawe na mayai 12 yaliyoibwa. Ukibakiza vichache mwishoni mwa eneo, bonyeza kijiti cha kushoto ndani. Sparx ataelekeza upande wa kito kilicho karibu.

Wezi wa mayai, wale wenye kanzu za bluu, wanawatesa wachezaji kwa sababu watu huwafuata nyuma. Mwizi hukimbia kwenye njia ya mzunguko. Mwangalie mzunguko mmoja bila kumgusa, tambua kona anapolazimika kupinda kwa upana, kisha kata ndani ya kona hiyo kwa mbio za pembe. Ukikosa, tulia umsubiri arudi. Usigeuze njia nzima kwa hasira, maana Spyro akiwa kwenye mbio anapinda kwa duara kubwa.

Mbio kali na Tree Tops

Kwenye baadhi ya hatua kuna miteremko iliyochorwa mishale. Ukiikimbilia kwa pembe, kasi ya Spyro hupanda sana, na mbio hizo huvunja chuma na kumwangusha adui wa ukubwa wowote. Faida yake kubwa zaidi ni kuruka: ukiruka ukiwa kwenye kasi hiyo unaelea nayo, na unafika mahali ambapo kuelea kwa kawaida hakufiki.

Hatua inayowakwamisha wengi ni Tree Tops, katika ulimwengu wa Beast Makers wa gemu ya kwanza. Sababu ya kukwama ni moja. Wachezaji hutumia mteremko mmoja, wanaruka mwishoni mwake, wanapungukiwa, wanarudia vile vile. Tree Tops inataka uunganishe miteremko. Fanya hivi:

1. Simama juu ya mteremko bila kukimbia na uzungushe kamera. Tafuta mteremko mwingine wenye mishale unaoonekana ukiwa kwenye jukwaa jirani. Huo ndio shabaha yako ya kwanza. Kisiwa unachokitamani kisubiri.
2. Kimbia kwa pembe kutoka nyuma kidogo ya mteremko, ukiwa umenyooka katikati ya mishale.
3. Shikilia kitufe cha mraba bila kukiachia hata unaporuka na kutua. Ukikiachia nukta moja, kasi imeisha.
4. Tua kwenye jukwaa jirani, pinda kwa upole kuelekea mteremko wa pili, uupite ukiwa na kasi ile ile.
5. Ruka kwenye ukingo wa mwisho kabisa, subiri kilele, ndipo ufungue mabawa.

Kinachoharibika hapa ni vitu viwili. Cha kwanza, kugonga ukuta au mti, hata kwa bega. Hapo kasi hufutika, rudi mwanzo. Cha pili, kamera inayojigeuza yenyewe katikati ya kona. Nenda kwenye mipangilio ubadilishe kamera kutoka inayofuata kwa bidii hadi ile tulivu, angalau kwa hatua hii, halafu igeuze mwenyewe kwa kijiti cha kulia.

Kuruka kwa kweli kumo kwenye hatua tano za anga za gemu ya kwanza: Sunny, Night, Crystal, Wild na Icy Flight. Kila moja ina aina nne za shabaha, nane kila aina, na kila shabaha unayoigusa inakuongezea sekunde. Usijaribu kupata zote 32 mara ya kwanza. Ruka mzunguko mmoja wa upelelezi, uone zile zilizosimama zimepangwa kwa mstari upi na zile zinazotembea zinapita wapi. Panga njia ili kila kundi likukabidhi kwa linalofuata bila kugeuka nyuma. Kugeuka nyuma ndiko kunakomaliza saa. Na kaa mbali na maji: mara nyingi jaribio zuri hufia pale mtu anaposhuka sana kufuata shabaha iliyo chini.

Ukihamia gemu ya pili, hifadhi vito. Mhusika mfanyabiashara Moneybags atakuuzia kuogelea chini ya maji kwa 500, kupanda ukuta kwa 500 na kupiga kichwa chini kwa 1,000. Jiandae kwa malipo hayo, kwa hiyo kusanya kila unachokiona njiani.

Ukitaka joka mwenye njaa ya dhahabu

Hoard, ya 2010, inatazamwa kutoka juu, na mchezo mmoja huchukua dakika 10. Unachoma miji, mikokoteni na mashamba, unabeba dhahabu hadi kwenye lundo lako. Joka lina kikomo cha mzigo. Ukijeruhiwa mpaka kuishiwa afya unaangusha ulichobeba na kulazimika kurudi lundoni kupona, kwa hiyo anayepeleka mizigo midogo mara nyingi humshinda anayesubiri ajaze.

Ukipanda daraja utachagua kuboresha kasi, moto, ngozi au uwezo wa kubeba. Tungeanza na kubeba na kasi. Moto mkali mwanzoni hauna faida kama safari za kurudi ni polepole. Usiteketeze kila mji mdogo unaouona: mji unaoachwa ukue hutoa dhahabu zaidi baadaye, na mji ulioogopeshwa vya kutosha huanza kukutumia ushuru wenyewe. Ogopesha mmoja mapema, ulinde njia ya mikokoteni yake dhidi ya majoka ya wapinzani, na utazame wezi wanaonyemelea lundo ukiwa mbali.

I of the Dragon nayo inakupa majoka matatu ya kuchagua: Annoth wa moto, Barroth wa kufufua wafu na Morrogh wa uchawi. Ni gemu ya zamani ya kompyuta na mwendo wake ni mzito, lakini kwa anayependa kukuza uwezo kidogo kidogo chagua Annoth kwanza; hahitaji kusimamia uchawi mwingi. Katika Dragon Spirit ya Namco, ya 1987, joka linaweza kuota hadi vichwa vitatu. Vichwa huongeza moto, ila pia hupanua mwili unaoweza kupigwa. Kwenye maeneo yenye risasi nyingi, kile kipawa cha kulipunguza joka umbo kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Gemu za kugeuka: gharama ndiyo kila kitu

Hapa makosa hayatokei angani, yanatokea kwenye hesabu. Katika Breath of Fire III, Ryu anakusanya jeni 18 na kuunganisha hadi tatu ili kupata umbo la joka. Umbo hilo hula AP, pointi za kutumia uwezo, zamu baada ya zamu. Ukigeuka mwanzoni mwa pambano refu utaishiwa AP katikati na kurudi kuwa mtu wakati bosi bado ana afya. Pima kwanza uimara wa bosi kwa zamu mbili tatu za kawaida.

Breath of Fire: Dragon Quarter, ya 2002, ni kali zaidi. Kuna kihesabu cha D-Counter kinachopanda unapotembea na kinachopaa unapotumia nguvu za joka. Kikifika 100% mchezo umekwisha, na hakishuki mpaka uanze upya. Anayetumia joka kuwaondoa maadui wadogo atafika kwa mabosi wa mwisho bila akiba. Tumia mitego na mashambulizi ya kawaida kwa wote isipokuwa mabosi, na usiogope kuanza upya, maana gemu imejengwa kwa ajili hiyo: unarudi mwanzo na sehemu ya ulivyovipata, na hadithi hufunguka zaidi.

Divinity II: Ego Draconis ya 2009 inakuchelewesha, umbo la joka hulipati mwanzoni. Ukilipata, jua kwamba maadui wa ardhini hutoweka ukiwa joka, kwa hiyo huwezi kuwachoma kutoka juu na kuvuna alama. Shughulika na ngome, mizinga na viumbe vya angani. Ukikuta eneo linalokataza joka, tafuta jenereta ya ngao, mara nyingi kwa miguu, uivunje, ndipo urudi angani.

Joka la mtandaoni

World of Warcraft iliongeza Dracthyr, jamii ya watu-joka, na darasa lao la Evoker mwaka 2022, pamoja na nyongeza ya Dragonflight. Wachezaji wapya hukwama kwenye uchawi wa kushikilia kitufe: unabonyeza, unashikilia, unaachia kwenye kiwango unachotaka. Fire Breath ikiachiwa kiwango cha kwanza inaunguza kwa muda mrefu. Ikiachiwa juu zaidi inaumiza mara moja na kuunguza kwa muda mfupi. Kwa adui mmoja anayeishi muda mrefu, kiwango cha kwanza mara nyingi kinatosha. Eternity Surge ni tofauti: kiwango hapo huongeza idadi ya maadui wanaopigwa. Mtandao ukichelewa na vidole vikakosea kuachia, nenda kwenye mipangilio ya mapigano, uchague kubonyeza mara mbili badala ya kushikilia. Pia, mashambulizi mengi ya Evoker hufika yadi 25, pungufu ya warushaji uchawi wengine, kwa hiyo simama karibu zaidi na utumie uwezo wa Hover kurusha uchawi ukiwa unasogea.

Kwa wanaotaka maisha kamili ya joka, ipo Istaria, iliyozinduliwa 2003 kwa jina la Horizons. Unaanza kama kinda asiyeweza kuruka. Kuanzia ngazi ya 30 unaweza kufuata mlolongo mrefu wa majaribio ya kuwa joka pevu, na hapo ndipo mabawa hufunguka. Katika majaribio hayo unachagua upande: Helian kwa anayetegemea uchawi, Lunus kwa anayepigana kwa kucha na meno. Usichague kwa rangi ya kundi. Tazama ni mashambulizi gani umeyatumia zaidi hadi hapo. Lundo la hazina nalo lina kazi ya kivita, kwani baadhi ya uwezo huongezeka nguvu kadiri lundo linavyokua, hivyo sarafu na vitu usivyovihitaji vilishwe lundo badala ya kujaza mkoba. Kabla ya kuunda mhusika, soma masharti ya aina ya akaunti unayofungua uhakikishe inaruhusu joka.